Mlezi wa Karibu

Mteja alikuwa mgeni pale, kwa hiyo hakuna wa kumlaumu. Alikaa kwenye kigoda barazani, kichwa nusu kimesukwa, nusu kimetimka, akamkodolea macho mtoto wa miaka sita aliyesimama nyuma ya msusi. Mtoto alikuwa akichambua nywele za kusukia kutoka kwenye kikapu. Msusi akinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, mtoto anaweka kifungu kimoja kiganjani, wala hakizidi wala hakipungui.

"Mama Bosi," mteja akasema, "mwanao fundi huyu! Na pua mmechukuliana, hata ukimkana hatutakubali."

Msusi akacheka. Angeweza kusema huyu ni mtoto wa kaka yangu, maneno sita tu na pumzi ikabaki. Hakusema. Na mama mzazi wa Bosi alikuwa amesimama hapo hapo kwenye ngazi ya baraza, mkoba begani, miguu imevimba kwa kushinda imesimama mbele ya meza ya pasi kwa dobi, mimba ya miezi mitano imemtangulia. Alisubiri mtu asahihishe. Akasubiri tena kidogo.

"Karibu dada," mteja akamwambia kwa ukarimu. "Ila nakuambia mapema, uko nyuma yangu."

Mpiga pasi akavuka baraza ya nyumba yake mwenyewe kama mtu aliyekosea mlango, akaingia ndani, akajitupa kitandani na viatu vyake. Bosi hakugeuka. Jina hilo la Bosi lilitolewa na wateja hao hao wa barazani. Mtoto hasemi, ukimsalimu hakuoni, ukimpa peremende anaikagua pande zote kisha anaiweka chini. "Huyu bosi," alisema mmoja wao, "haongei na wafanyakazi." Watu wakacheka, jina likaganda. Hospitalini walikuwa na neno jingine, usonji, na hilo halikumchekesha mtu.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo mpiga pasi alilijua na lilikuwa likimla. Msusi akichelewa kunyoosha mkono, pengine kwa sababu ya umbea, Bosi huzunguka mbele, huinama, humtazama shangazi yake machoni kuuliza kulikoni. Humtazama kweli. Msusi hupiga ulimi, "ntlo," na mtoto hurudi kazini. Miaka sita mama yake alikuwa akiyatafuta macho hayo, akijikunja, akipiga makofi, akijifanya kichekesho. Hajawahi kuyapata hata kwa bahati mbaya.

Tusimwonee. Mwanamke huyu hakuwa na roho mbaya. Alikuwa na wivu, na wivu wake ulikuwa na njaa ya siku nyingi.

 

Habari za utafiti zilitoka kliniki ya wajawazito. Nesi aliposikia kwamba mtoto wa kwanza ana usonji, alimwambia kuna madaktari wanaowatafuta kina mama kama yeye. Watampima tumbo kwa ultrasaundi ya kina, siyo ile ya haraka haraka, kisha watamfuatilia mtoto akizaliwa na akikua. Na huyo mkubwa ataangaliwa na wataalamu, akionekana anafaa ataingizwa kwenye darasa lao la mawasiliano. Nafasi zenyewe za kuhesabu.

"Wamesema aende na mlezi wake wa karibu," alimweleza mumewe jioni, wakiwa mezani.

Mumewe, fundi wa majokofu, mtu mpole mwenye kipara cha mapema, akatafuna kwanza. "Basi mwende na dada."

"Kwa nini dada?"

"Si ndiye anashinda naye?"

"Mlezi wa karibu ni mama. Au mimi hapa ni mpangaji?"

Fundi aliinama kwenye sahani yake. Alikuwa ameoa mke mmoja na kuishi na wanawake wawili, na kati ya jokofu lililokufa na ugomvi wa mawifi, angechagua jokofu. Dada yake mkubwa alirudi nyumbani miaka mitano nyuma, ndoa imemshinda kwa kukosa mtoto, akapewa chumba cha uani na baraza ya kusukia. Tangu hapo hajasema lolote baya juu ya mke wa kaka yake. Hilo nalo lilimuudhi mke wa kaka yake.

"Wifi," msusi akaita kutoka uani, alikokuwa akiosha vitana. Kuta zile zilikuwa nyembamba. "Hiyo siku ya madaktari niwaambie wateja wasije?"

"Hapana, wifi. Wanataka mama tu."

Maji yakamwagwa. "Haya. Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana."

Ilisemwa taratibu, kama mtu anayejikumbusha. Mpiga pasi akasukuma sahani.

"Umemsikia?"

"Methali tu hiyo," fundi akasema. "Iko tangu zamani."

 

Chumba cha ultrasaundi kilikuwa na baridi na kimya. Mtaalamu, mwanamke mnene mwenye sauti ya utani, alimpaka jeli tumboni akaanza kutembeza kifaa. Bosi aliachwa na msaidizi chumba cha pili, na kwa mara ya kwanza siku hiyo mama yake alinyoosha miguu.

"Tunapima kichwa, moyo, figo, mifupa, kila kitu tunakiandika," mtaalamu akasema. "Ona, huyo hapo. Anapiga miayo."

Mpiga pasi akatazama. Kiumbe kidogo cha kijivu kilifunua mdomo, kikageuza uso upande wake. Akainua shingo amwone vizuri.

"Kuna mteja wa wifi yangu anasema hizi mashine ndizo zinazowaharibu watoto. Eti yule wa kwanza nilimpiga picha nyingi."

"Ulimpiga ngapi?"

"Moja."

"Hakuna aliyeonyesha hilo, mama. Lala bila wasiwasi."

"Sasa huyu mnaona kama atakuwa na usonji?"

"Hapana. Mashine haioni usonji, na mtu akikuambia anauona kwenye picha mkimbie. Sisi tunakusanya vipimo vya watoto wengi. Wakikua ndipo tutajua kama kulikuwa na dalili yoyote huku mwanzo. Pengine ipo. Pengine tutakuta hakuna kitu."

Mpiga pasi akageuza uso kutoka kwenye mashine. Kisha akauliza lile alilokuja nalo, huku anatazama dari. "Na je, mtu anaweza kujua kama mtoto atamtazama mama yake?"

Mtaalamu alidhani ni mzaha. "Ee mama! Wangu wanne hawana usonji wala homa, na hawanitazami. Wana simu."

Alicheka peke yake, akampa karatasi ya kufutia jeli. Mpiga pasi akajifuta polepole, mkono mmoja ukiwa umebaki juu ya tumbo. Wewe utakuwa wangu, alimwambia aliyemo humo kimoyomoyo. Sitakuweka barazani. Hakuna atakayekuzoea kabla yangu.

Chumba cha pili mambo yalikuwa mabaya. Daktari wa utafiti, mwanamke kijana mwenye nywele fupi zilizoachiwa, alikuwa ameketi sakafuni kati ya wanasesere na vigari. Bosi alikuwa chini ya meza, mgongo kwa watu. Mama alimwita. Alimbembeleza. Aliingia mwenyewe chini ya meza na tumbo lake, akakwama, ikabidi msaidizi amvute mikono. Msaidizi alijitahidi sana asicheke.

Yakaja maswali. Anakuonyesha vitu kwa kidole? Hapana. Anakupa kitu ili mkitazame pamoja? Hapana. Anakutazama machoni akitaka kujua jambo? Hapana. Kila hapana ilikuwa kweli, kwa upande wake, na alizisema kwa namna ya uchungu ambayo daktari aliiheshimu.

"Kuna mtu mwingine anayefanya naye mambo hayo?"

"Hakuna."

"Mchana anashinda na nani?"

"Na mimi," mpiga pasi akasema, na mikono yake ilikuwa bado inanuka wanga wa kunyooshea mashati.

Daktari akafunga kalamu. Alieleza bila kumficha. Darasa la awamu hii ni la watoto ambao tayari wana mlango, hata mdogo, wa kushirikiana na mtu mmoja. Wasio nao husubiri awamu nyingine, na awamu nyingine ni baada ya miaka miwili. "Sijamkataa. Rudini wiki ijayo na kitu anachokipenda nyumbani, tujaribu mara ya mwisho."

 

Alijua Bosi anapenda nini. Jumapili msusi alipokwenda kumsuka mgonjwa nyumbani kwake, mpiga pasi aliingia chumba cha uani, akachukua kikapu cha nywele, akakiweka barazani. Akaketi mahali pa wifi yake. Kikabaki kichwa cha kusukwa.

"Baba Bosi, njoo ukae hapa."

"Nikae nifanye nini?"

"Wewe ni mteja."

Fundi akajipapasa kipara. "Utanisuka wapi, mke wangu?"

"Kaa!"

Akakaa. Bosi alikuja alipoona kikapu, na hilo lilimpa mama matumaini. Akanyoosha mkono nyuma, kiganja wazi, kama alivyoona mara elfu. Akapiga ulimi. Mlio ulitoka mwingine kabisa, kama wa mtu anayefukuza kuku. Mtoto alimzunguka, akafika mbele, akakitazama kipara cha baba yake kwa muda mrefu. Kisha akachukua kikapu, akakirudisha chumba cha shangazi, akakiweka mahali pake pale pale ukutani.

Fundi alicheka. Hakuweza kujizuia. "Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mtoto kaona hapa hakuna chochote."

Mkewe hakucheka. Alimfuata mtoto, akamshika mkono, akamvuta na kikapu chake mpaka barazani. "Nipe! Nipe mimi! Mimi ndiye mama yako!" Bosi akaanza kupiga kelele, ile sauti moja ndefu isiyo na pumzi, na kujigonga kichwa kwa ngumi. Majirani wawili wakafungua madirisha, wakafunga moja tu.

"Mwachie," fundi akasema, na sasa sauti yake haikuwa ya mchezo. "Tumwambie dada aende naye. Ni darasa la mtoto hilo, siyo tuzo ya kina mama."

"Ukimwambia dada yako neno moja, mimi na tumbo hili tunahama."

Akamwachia mtoto. Fundi hakumwambia dada yake neno, na alijidharau kwa hilo wiki nzima. Mpiga pasi naye akiwa kazini, shati baada ya shati, alikuwa akijitungia maneno ya kumwambia wifi yake siku ya kujifungua. Aliyanyoosha mpaka yakakaa sawa: huyu, wifi, naomba usimshike.

 

Siku ya mwisho alikwenda na nywele kwenye mfuko. Daktari akazimwaga mezani. Bosi alitoka chini ya meza mara moja, akaanza kuzipanga vifungu, safu nzuri, urefu sawa, daktari akasogea kwa hamu. Kisha mtoto akachukua kifungu kimoja, akaenda mlangoni, akasimama. Mlango ulikuwa umefungwa. Alisimama nao uso kwa uso, kifungu mkononi, kama mfanyakazi aliyewahi kabla ofisi haijafunguliwa.

"Anamsubiri mtu," daktari akasema.

Mama akatazama kucha zake.

"Mama, nakuuliza kwa sababu inabadilisha kila kitu. Kama yupo mtu, nitamwita sasa hivi. Kama hayupo, naandika nilichokiona."

Miaka miwili si mingi, wivu ulimwambia. Baada ya miezi michache utajifungua, utakuwa likizo, mtashinda naye nyumbani, atakuzoea. Ukimtaja yule leo, ataandikwa kwenye karatasi ya serikali kwamba ndiye mlezi. Baraza haitamtosha, atapewa hata ofisi.

"Hayupo," akasema.

Daktari akapumua, akavuta faili. Ndipo mlangoni ikasikika "ntlo". Kimya. "Ntlo." Bosi alikuwa akipiga ulimi, midomo imegusana na mlango, kwa mlio ule ule wa barazani. Mtoto ambaye tangu kuzaliwa hajamwita mtu, alikuwa anaita. Akasubiri, akaita tena, akageuza sikio asikilize kama anaitikiwa.

Mpiga pasi aliwahi kuota usingizini mwanawe anamwita mtu, akaamka analia kwa furaha. Katika ndoto ile hakujali anaitwa nani.

"Yupo," akasema. "Shangazi yake. Mpigieni simu."

 

Msusi alifika anahema, kitana kimesahauliwa kichwani. "Nimeacha kichwa cha mtu nusu," akasema mlangoni, "kuna nini? Mtoto ana nini?" Kisha akamwona wifi yake kitini, akakichomoa kitana taratibu.

Walimweka mama kwenye chumba cha kando, nyuma ya kioo. Daktari, kwa kukosa kichwa kingine, aliketi mwenyewe kwenye kiti kifupi na nywele zake fupi, akasema nisuke, dada. Msusi akanyoosha mkono nyuma. Kifungu kikaingia kiganjani. Akanyoosha tena, kikaingia. Mara ya tatu daktari alimnong'oneza msusi asinyooshe, na Bosi akazunguka, akainama, akaingiza macho yake ndani ya macho ya shangazi yake. Akayahamishia kwenye kile kichwa kilichokwama, kisha akayarudisha. Daktari akapigwa na butwaa, na mkia wa msuko mmoja umemsimama utosini.

"Machozi ya furaha hayo, mama," msaidizi akasema nyuma ya kioo, akimpa kitambaa.

"Ndiyo," akajibu. Haikuwa furaha. Alikuwa anaona jinsi mwanawe anavyoonekana akimpenda mtu, na alikuwa anaona kwa pembeni.

Daktari alikuja na karatasi. Nafasi ipo. Darasa ni kila asubuhi, na mlezi wa karibu lazima awemo, ajifunze pamoja na mtoto, awe ndiye huyo huyo mpaka mwisho. "Nimwandike nani?"

Swali hilo lilikuwa la adabu tu, na wote walijua.

"Mwandike yeye," mama akasema.

 

Walirudi kwa miguu. Bosi alitembea kati yao, mkono mmoja umeshika gauni la shangazi, mwingine unapapasa kuta za watu. Walimaliza mtaa mzima.

"Daktari kaniambia ulisema sipo," msusi akasema mwishowe.

"Nilisema."

"Mara mbili."

"Mara mbili." Mpiga pasi alisimama. "Unataka nikuombe radhi? Nitakuomba. Lakini usinione mchawi, wifi. Umenichukulia mwanangu, na hukuhitaji hata kuniibia. Ulinyoosha mkono tu."

Msusi alitazama chini. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi, watu walilipa nusu kwa kusukwa nusu kwa kumsikiliza, na sasa alikuwa na neno moja tu.

"Nilikuibia," akasema.

"Nini?"

"Kila jioni. Ukikaribia kutoka kazini, sijui anajuaje, ananiacha. Anaacha nywele, anakwenda kukaa ngazi ya baraza, anaangalia njia unayokuja nayo. Hatikisiki." Akautazama mkono wa Bosi kwenye gauni lake. "Mimi nampigia ulimi. Namwita arudi, nampa kazi, mpaka unafika unamkuta ameinama kikapuni. Mwanzo nilisema ni kwa sababu ya wateja. Siyo kwa sababu ya wateja."

Gari lilipita, likapiga honi, hakuna aliyesogea. Mpiga pasi alijaribu kuhesabu hizo jioni, zikamshinda. Damu ilimpanda mpaka masikioni. Angeweza kumpiga mtu mzima kofi hapo barabarani, na mkono ulikuwa umeshaanza kunyanyuka.

"Wewe una wa pili tumboni," msusi akasema haraka, bila kuukwepa ule mkono. "Mimi nilijiambia, huyu mmoja tu, yeye Mungu atampa mwingine. Na amekupa. Sasa nakuomba kitu. Siku ukijifungua, huyo usinipe nimshike. Hata nikikuomba. Hata ukiniona nalia. Najijua."

Yalikuwa ni maneno yale yale. Mpiga pasi alikuwa ameyatunga wiki nzima, ameyanyoosha, ameyakunja vizuri, anayatafutia siku. Sasa ameletewa bure, na mwenyewe, barabarani, na hayakumpa raha hata ya kunyanyua kope. Aliushusha mkono wake ukaangukia tumboni. Akafikiria likizo yake ilivyo fupi, na meza ya pasi, na bwana wa dobi asiyesubiri mtu.

"Wewe mwanamke una wazimu," akasema, na sauti yake ilikuwa imejaa hasira na machozi. "Usipomshika wewe, nikirudi kazini nani atamshika?"